Babu wa 1638: mfuate kwa hati, meli iache mwisho

Swali: Mke wangu ni mzaliwa wa Massachusetts, na tunaishi Worcester na watoto wetu wawili. Bibi yake, marehemu sasa, aliacha karatasi inayosema mwanzilishi wa ukoo wao alikuwa Mpuritani, yaani mmoja wa Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa lao lisafishwe zaidi, aliyefika Sudbury, hapa Massachusetts, mwaka 1638 pamoja na ndugu zake wawili, na kwamba kwao Uingereza walikuwa watu wa kabaila. Mtandaoni nimekuta shajara nne za ukoo huo, na kila moja inamtajia wazazi tofauti. Nataka watoto waujue upande wa mama yao kama wanavyoujua upande wangu wa Muheza. Nianzie wapi, na nitajuaje alikuja na meli gani?

Jibu: Ndugu yangu, meli iache mwisho kabisa. Kati ya 1620 na 1640 watu wapatao 20,000 walivuka kwenda New England, yaani Massachusetts na majirani zake, na orodha za abiria zilizosalia ni chache mno. Lakini mtu huyo huyo akishashuka pwani alipewa kiwanja, akatozwa kodi, akala kiapo, akashitakiwa kwa nguruwe wake kuingia shamba la jirani, akaoa, akafa, na vyombo vyake vikahesabiwa mpaka sufuria ya mwisho. Mtu wa kawaida wa karne ya 17 ameacha alama nyingi kuliko unavyodhani. Sharti ni umfikie kwa ngazi, kizazi kimoja baada ya kingine, ukitokea kwa watoto wako.

Karatasi ya bibi ipige picha pande zote mbili, kisha uvunje kila dai liwe sentensi yake: jina, mji, mwaka, ndugu wawili, ukabaila. Kila dai litathibitishwa peke yake. Hilo la ndugu watatu waliovuka bahari lishike kwa tahadhari. Linasimuliwa katika koo nyingi za Marekani, kama simulizi ya Washirazi na majahazi saba inavyosimuliwa pwani kwetu, na mara nyingi lilizuka ili kuwaunganisha watu wa jina moja ambao hawakuwa na udugu wowote.

Kutoka kwa watoto wako hadi mtu aliyezaliwa karibu na 1600 kuna vizazi kama 12 au 13. Kila kiungo kinataka hati inayosema, au inayolazimisha kuamini, kwamba fulani ni mtoto wa fulani. Wengi hudhani ugumu uko kwa Wapuritani wenyewe. Mnyororo hukatika zaidi kati ya 1780 na 1850, vijana walipohama Massachusetts kwenda Vermont, New York na Ohio, sehemu ambazo uandikishaji ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo nguvu zako za mwanzo ziweke hapo.

Sensa za Marekani zilizo wazi kwa umma zinafika 1950. Rudi nazo nyuma, ukikumbuka kwamba ya 1890 karibu yote iliteketea, kwamba uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya unaanza kuandikwa 1880, na kwamba kabla ya 1850 anatajwa mkuu wa kaya peke yake. Jimbo la Massachusetts lilianza kukusanya taarifa za vizazi, ndoa na vifo mwaka 1841. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na daftari lake, na madaftari ya miji mingi yalichapishwa kama vitabu vinavyoishia 1850, majina yakiwa kwa mpangilio wa alfabeti. Vitabu hivyo unavisoma bure mtandaoni. Zingatia vifupisho vyake: C.R. ni daftari la kanisa, G.R. ni jiwe la kaburi, P.R. ni maandishi ya mtu binafsi kama Biblia ya familia, na int. ni tangazo la nia ya kuoana. Kutangaza nia hakuthibitishi kwamba ndoa ilifungwa.

Pengo likikukabili katika kipindi hicho, tafuta faili za pensheni za askari wa vita vya uhuru wa Marekani. Mjane aliyeomba pensheni alilazimika kuthibitisha ndoa na watoto, na wengine walichana kurasa za Biblia ya nyumbani wakazituma serikalini. Kurasa hizo bado zimo ndani ya mafaili.

Halafu kuna mipaka. Kaunti ya Worcester iliundwa 1731. Mtu aliyefariki mwaka 1700 mahali palipo ndani ya kaunti yako ya leo, mirathi yake usiitafute Worcester. Anza na kaunti ya Middlesex. Miji nayo ilizaa miji: Marlborough ilitoka Sudbury mwaka 1660, na kijiji cha kwanza cha Sudbury leo kimo ndani ya mji wa Wayland. Kabla ya kusema hati haipo, tafuta kwanza ni nani aliyekuwa anaandika eneo hilo mwaka ule.

Ukivuka 1752 kurudi nyuma, tarehe zinabadilika tabia, na hapa ndipo shajara nyingi za mtandaoni zinapoharibika. Hadi mwaka huo Uingereza na makoloni yake walitumia kalenda ya zamani ya Juliasi, na mwaka mpya ulianza 25 Machi. Juu ya hilo, Wapuritani wengi hawakutaka majina ya miezi yenye miungu ya Kirumi, wakaihesabu kwa namba kuanzia Machi. Mtu wa pwani aliyekua akisikia mfungo mosi na mfungo pili ataelewa upesi hesabu isiyoanzia Januari. Hatari yetu sisi iko kwingine: tunasema mwezi wa tatu tukimaanisha Machi, wakati karani wa Sudbury akiandika mwezi wa 3 anamaanisha Mei. Mwezi wake wa 8 ni Oktoba, na ndiyo maana utakuta pia "8ber". Mwezi wa 11 ni Januari, wa 12 Februari.

Chukua mfano wa Edmund Rice, Mpuritani wa Sudbury aliyefanyiwa utafiti mwingi na ambaye hati zake ziko wazi. Mke wake Thomasine alifariki 13 Juni 1654. Edmund akamwoa mjane Mercy Brigham tarehe 1 Machi iliyofuata. Kwetu huo ni mwaka 1655. Kwa hesabu yao bado ni 1654, kwa kuwa 25 Machi haijafika. Mtu akinakili "1 Machi 1654" bila maelezo, ndoa ya pili inatangulia kifo cha mke wa kwanza kwa miezi mitatu, na anayemfuata ataanza kubuni Edmund mwingine ili kuziba pengo. Andika hivi: 1 Machi 1654/5, na pembeni yake unakili tarehe kama ilivyo kwenye hati, herufi kwa herufi. Kila tarehe iliyo kati ya 1 Januari na 24 Machi ihesabu kuwa na shaka mpaka uione hati yenyewe.

Maneno ya undugu nayo yana mitego, ingawa hapa Mswahili ana nafuu kuliko Mmarekani, kwa kuwa ameshazoea "ndugu" moja kubeba watu wengi. Katika wosia wa karne ya 17 "cousin" mara nyingi ni mtoto wa ndugu. "Son-in-law" anaweza kuwa mkwe, na anaweza kuwa mtoto wa kambo. "Mother" naye anaweza kuwa mama wa kambo au mama mkwe. "Brother" ni ndugu wa damu, shemeji, au mwenzake wa kanisani. "Senior" na "Junior" hazimaanishi baba na mwana: zinatofautisha watu wawili wa jina moja katika mji mmoja, mkubwa na mdogo, na mkubwa akifa aliyekuwa Junior anageuka Senior. "My now wife", yaani mke wangu wa sasa, haithibitishi kwamba alikuwa na mke wa kwanza. Mwandishi alikuwa anafunga mlango kwa mke mwingine atakayekuja baadaye. "Mr." ilikuwa heshima ya wachache, na mkulima wa kawaida aliitwa "Goodman". Hiyo peke yake inaweza kukutenganishia watu wawili wa jina moja. Pia wazazi walikuwa wakimpa mtoto mchanga jina la nduguye aliyekufa, kwa hiyo Samweli wawili katika nyumba moja ni jambo la kawaida: wa kwanza alizikwa.

Sasa mirathi, ambako ningekaa muda mrefu kuliko penginepo. Faili la kaunti ya Middlesex, ambayo kumbukumbu zake za mirathi zinaanza 1648, linaweza kuwa na wosia, orodha ya mali na mgawanyo. Usiridhike na wosia tu. Orodha ya mali iliandikwa na majirani wawili watatu waliopita chumba kwa chumba wakikadiria thamani: godoro la manyoya na mto wake mrefu, birika la shaba, chungu cha chuma, bunduki, Biblia, gurudumu la kusokotea uzi, ng'ombe, nguruwe, ekari za majani ya kukata. Utaona kitanda na matandiko yake vikithaminiwa sawa na ng'ombe au zaidi, kwa kuwa nguo ilitoka mbali na ilikuwa ghali. Ukiisoma kwa mpangilio wake unaiona nyumba: kama kulikuwa na ghorofa, unga uliwekwa wapi, nani alilala karibu na moto. Hiyo wape watoto. Itawakaa kichwani kuliko nembo yoyote ya ukoo.

Fedha ni "li", "s" na "d": pauni, shilingi na peni. Peni 12 ni shilingi moja, shilingi 20 ni pauni moja. Namba zinaweza kuwa za Kirumi, na i ya mwisho ikaandikwa j, kama "xiiij" kwa 14. Jumlisha orodha yote mwenyewe. Jumla yako isipolingana na ya wakadiriaji, kwanza shuku kwamba kuna tarakimu umeisoma vibaya, kisha ndipo uwashuku wao.

Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi maisha yake yote. Anayejua mirathi ya Kiislamu, ambako mjane wa mwenye watoto hupata thumni iwe yake moja kwa moja, aone tofauti: hapa mjane alitumia tu, na akifa ardhi ilirudi kwa warithi. Kwa hiyo mgawanyo wa mwisho unaweza kuja miaka 20 au 30 baada ya kifo cha mume, na humo ndimo mabinti wanatajwa pamoja na waume zao. Palipokosekana wosia, sheria ya 1641 ilimpa kifungua mimba wa kiume mafungu mawili. Mtu akipokea mafungu mawili, umeshapata ushahidi wa nafasi yake katika familia hata kama daftari la vizazi limepotea. Hati za ardhi zisome vivyo hivyo: mke aliyeachia haki yake ya theluthi wakati wa kuuza shamba ametaja jina lake, na huenda ikawa ndipo mahali pekee jina hilo limeandikwa.

Mwandiko utakusumbua mwanzoni. Herufi e imegeuzwa, c inafanana na r yetu, h inashuka chini ya mstari, na s ndefu inafanana na f. "Ye" husomwa "the". Anza na maneno unayoyajua tayari: wosia mwingi unaanza kwa jina la Mungu, amina, na orodha inaanza kila kifungu na "Item". Kutoka kwenye maneno hayo chora alfabeti ya karani huyo mmoja kwenye karatasi, uiweke mbele yako. Karani mwingine, alfabeti nyingine. Tovuti ya FamilySearch, ambayo ni bure kwa anayejiandikisha, tangu 2024 ina utafutaji unaosoma mwandiko wenyewe ndani ya hati za ardhi na mirathi. Umesaidia sana, ila kwenye mwandiko wa karne ya 17 hukosea mara nyingi. Jaribu jina kwa tahajia nyingi, kisha hata bila jina la ukoo, kwa mji na jina la jirani.

Daftari la kanisa lina kanuni zake. Kuwa mshiriki kamili kulihitaji ushuhuda wa kuongoka mbele ya kanisa, na mwanzoni waliobatizwa ni watoto wa washiriki peke yao. Ukikuta watoto wanne wamebatizwa siku moja, si mapacha. Mzazi ndiyo kwanza amepokelewa. Mwaka 1662 masharti yalilegezwa, lakini si kila kanisa lilikubali. Ndoa usiitafute kanisani: kwao ilikuwa mkataba wa kiraia, ikifungwa mbele ya hakimu. Na kwa kuwa tangu 1631 koloni la Massachusetts Bay lilitaka mwenye kura awe mshiriki wa kanisa, jina lake likiwa katika orodha ya walioapishwa kuwa raia kamili kabla ya miaka ya 1660, umepata mambo mawili kwa mpigo: siku ya kiapo, na uthibitisho kwamba alikuwa mshiriki hata kama daftari la kanisa lenyewe limepotea.

Mashauri ya mahakama yasome hata kama babu hakuwa mshitakiwa. Shahidi alitaja umri wake. Kwa Edmund Rice ndivyo ilivyojulikana: mwaka 1656 alisema chini ya kiapo kwamba ana miaka kama 62, na kutoka hapo ndipo mwaka wa kuzaliwa wake unakadiriwa 1594. Neno "kama" lina uzito; acha nafasi ya miaka miwili mitatu kila upande.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba usiliruke, hasa wewe ambaye watoto wako ni wa pande zote mbili. Sheria hiyo hiyo ya 1641 iliruhusu utumwa katika koloni, na mwaka 1638 meli iitwayo Desire ilikuwa imeshaleta Waafrika Boston kutoka visiwa vya Karibi. Katika orodha za mali za New England wamo binadamu, wakiandikwa karibu na mifugo, wengine kwa jina moja tu na bei. Ukimkuta mtu huyo katika mirathi ya ukoo, nakili jina lake, umri, bei na ukurasa, umfungulie faili lake mwenyewe. Mstari huo unaweza kuwa ndio maandishi pekee yaliyobaki kuhusu maisha yake, na mtu mwingine anautafuta.

Zile shajara nne zenye wazazi tofauti zichukue kama fununu. Tazama kila moja imetaja hati gani. Ikitaja shajara nyingine tu, iweke kando. Ukabaila ndio wenye uongo mwingi: Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyefariki 1942, aliwauzia Wamarekani matajiri nasaba za kughushi, na kazi zake bado zinanakiliwa hadi leo. Rice naye alishatungiwa ukoo wa kifalme. Ulipochunguzwa ukaanguka, na wazazi wake hawajulikani. Badala yake anza na kazi ya Robert Charles Anderson kuhusu wahamiaji wa 1620 hadi 1640, iliyochapishwa na New England Historic Genealogical Society ya Boston. Kwa waliofika hadi 1635 kila dai lina hati yake, na palipo na uongo wa zamani anausema; waliofika baadaye, kama huyo wenu wa 1638, wamo katika kitabu chake cha orodha kinachokuelekeza kwenye tafiti za kuaminika. Hapo hapo mjini kwako pia mna American Antiquarian Society, maktaba ya tangu 1812, yenye historia nyingi za koo na miji ya New England zilizochapishwa. Kipimo cha DNA cha kawaida hakitakusaidia kwa babu wa vizazi 12. Mtu anaweza kuwa hana chembe yoyote iliyotoka kwake. Kipimo cha kromosomu Y kinafaa, mradi apimwe mwanamume aliyeshuka kwa wanaume watupu, kama baba au kaka wa mkeo ikiwa jina la ukoo limewafikia kwa njia hiyo.

Na kama mnyororo wako utapita Salem, angalia karne ya 19 vizuri. Wafanyabiashara wa mji huo walikuwa Unguja tangu miaka ya 1820, na Richard Waters wa Salem akawa konseli wa kwanza wa Marekani huko mwaka 1837. Kitambaa cha merikani kilikuja kwa njia hiyo.

Uingereza unakwenda baada ya kukusanya kila kitu cha Massachusetts, kwa kuwa bila majina ya mke, watoto wakubwa, majirani na shemeji huwezi kumtambua John mmoja kati ya kumi. Madaftari ya parokia yalianza 1538, ingawa mengi yaliyosalia yanaanza baadaye. Tafuta kundi, usimtafute mtu mmoja. Watoto wa mwanzo wa Rice walibatizwa Stanstead huko Suffolk, waliofuata Berkhamsted huko Hertfordshire. Ni mfuatano huo wa majina, pamoja na jina la Thomasine ambalo si la kila siku, unaomfunga kwa mtu wa Sudbury. Soma pia wosia za waliobaki Uingereza. Ndugu anayeachiwa pauni tano "akiwa New England" ni ushahidi mzito kuliko nembo kumi.

Kuhusu meli: tafuta katika orodha za bandari ya London za 1635 na nyingine chache zilizochapishwa. Wa 1638 huenda usimkute, na waliosafiri bila kibali hawakuandikwa kabisa. Usimpandishe kwenye meli kwa sababu jirani yake alikuwemo. Chukua hati ya kwanza kabisa inayomtaja Massachusetts, iwe ya kiwanja, kiapo au ubatizo, kisha kwenye shajara ya watoto andika: alifika kabla ya tarehe hii, daftari fulani, ukurasa fulani.